Sura ya Tisa: Rangi Iliyopauka

Ukitaka kujua jua limelifanya nini gari lako, panda ngazi au simama barazani ulitazame kutoka juu. Milango inaweza kuwa bado inang'aa na madigadi yakawa na nafuu, lakini paa, boneti na kifuniko cha buti vimepoteza mng'ao kabisa. Unapitisha kiganja na unahisi uso mkavu, wenye ukakasi. Katika gari jeupe kiganja hutoka na unga. Gari jekundu huwa limegeuka waridi juu, huku chini ya vishikio vya milango likibaki jekundu lilivyotoka kiwandani. Sehemu zinazotazama angani huumia kwanza, na kwa kawaida huumia miaka mingi kabla ya ubavu.

Mwenye gari la namna hii huambiwa na kila mtu kwamba rangi imekufa, apige upya. Mimi napinga ushauri huo, na sura hii nzima ni hoja dhidi yake. Magari mengi yaliyopauka hayahitaji rangi mpya. Kilichoharibika ni ngozi nyembamba sana ya juu. Chini yake ipo rangi ya kiwandani, nzima, yenye rangi yake ya asili, na unaweza kuifikia ukiwa nyumbani kwako kwa subira, vitambaa safi na vifaa vichache.

Sababu ya kuipigania rangi ya kiwandani ni jinsi ilivyowekwa. Kiwandani bodi huchovywa nzima, bado tupu, ndani ya bwawa la praima ya kuzuia kutu, na umeme huivuta praima hiyo ikashike kila kona, hata ndani ya mbavu za milango ambako hakuna bomba la kupulizia linaloweza kufika. Kisha huokwa kwenye joto linalozidi nyuzi 160 za Selsiasi. Tabaka zinazofuata nazo huokwa, mara nyingi kwenye nyuzi 140 hivi. Yote haya hufanyika kabla ya kufungwa vioo, mipira, nyaya na viti. Gari likishakamilika haliwezi tena kupitishwa kwenye joto hilo, maana plastiki, mipira na viti vyake vingeharibika. Kwa hiyo fundi rangi hutumia rangi ya aina nyingine, inayokauka kwa kuchanganywa na hadina, yaani kigumisho, na gereji nzuri yenye chumba maalumu cha kupulizia hufikisha nyuzi 60 tu. Wapo mafundi hodari sana wa kazi hii. Lakini wengi wao hufanya kazi chini ya mti, kwenye vumbi, wadudu na unyevu wa asubuhi, na hakuna ustadi wa mkono unaoweza kuleta bwawa la praima kando ya barabara. Rangi ya kiwandani ikishaondolewa, imeondoka moja kwa moja.

Lipo pia suala la thamani. Mnunuzi anayejua magari hukagua kwanza kama gari limeguswa rangi, kwa sababu rangi mpya humfanya ajiulize kilichofichwa chini yake: ajali, kutu au puti. Gari la mwaka 1995 lenye rangi yake ya kwanza, hata kama ina mikwaruzo, humweleza mnunuzi ukweli wake wote.

Sasa tuone tunashughulika na kitu cha unene gani. Milimita moja ina maikroni 1,000. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima hadi juu, kwa kawaida ina maikroni kati ya 100 na 150, yaani unene wa karatasi ya kuandikia au zaidi kidogo. Katika magari mengi ya leo, tabaka ya juu kabisa haina rangi. Ni kinga angavu ambayo mafundi huiita klia, na unene wake ni maikroni 35 hadi 50 hivi. Unapopolishi kwa upole unaondoa karibu maikroni moja. Ukitumia kompaundi kali na mashine unaweza kuondoa kadhaa kwa mkupuo. Rangi ya gari ni akiba isiyoongezwa: kila unaposugua unatoa, na hakuna siku utakayoweka. Mtu anayelikumbuka hili hatalisugua gari lake kila mwisho wa wiki.

Magari ya zamani hayakuwa na klia. Land Rover za mashambani, Peugeot 504 zilizoanza kutengenezwa mwaka 1968, na magari mengine ya enzi hizo yalipakwa rangi ya tabaka moja, ambayo rangi na kinga yake vimo ndani ya kitu kimoja kuanzia juu hadi kwenye praima. Rangi za metaliki ndizo zilizotangulia kufunikwa klia, kwa sababu vipande vya alumini vinavyozimetesha vinahitaji kinga. Kufikia miaka ya 1980 na 1990 klia ilikuwa imeenea karibu kwenye kila rangi. Nyeupe ya kawaida ndiyo iliyochelewa zaidi. Nyeupe ya Toyota inayojulikana kwa namba 040 imeendelea kupakwa bila klia kwenye pikapu, Hiace na Land Cruiser nyingi hata baada ya rangi nyingine nyingi kubadilika. Ndiyo maana Land Cruiser nyeupe ya shirika au ya halmashauri, iliyosimama uani kwa miaka mingi, humwachia unga kwenye suruali kila anayeiegemea.

Unga huo una maelezo yake. Rangi ni chembe ndogo mno za rangi zilizoshikwa pamoja na gundi ngumu ya jamii ya plastiki. Mionzi ya urujuanimno ya jua hukata minyororo ya gundi hiyo, na oksijeni ya hewani huingia pale palipokatika na kuzuia isiungane tena. Kiwandani huchanganya dawa za kuizuia mionzi hiyo, lakini dawa nazo hutumika hadi zikaisha. Gundi ya juu hukauka, husinyaa na kupasukapasuka kwa nyufa zisizoonekana kwa macho, na chembe za rangi hubaki bila kushikwa. Kwenye rangi nyeupe kuna jambo la ziada: dioksidi ya titani, ambayo ndiyo weupe wenyewe, ikipigwa na mionzi hiyo penye unyevu huharakisha kuvunjika kwa gundi iliyoishika. Nyekundu ina maradhi mengine. Baadhi ya chembe nyekundu zenyewe huvunjika zikapoteza wekundu, na hapo ndipo waridi linapotokea.

Kinacholeta matumaini ni hiki: sehemu kubwa ya kufubaa ni ukakasi wa uso. Uso laini hurudisha mwanga upande mmoja, ukaona taswira ya mti au ya uso wako. Uso uliochimbika huutawanya mwanga pande zote, ukaona ukungu. Ukiondoa ukakasi huo, mng'ao hurudi bila kuongeza tone la rangi.

Kwetu jua hili ni kali zaidi kuliko kule magari yetu mengi yalikotumika kwanza. Gari lililoishi Japani miaka minane likiegeshwa chini ya paa linaweza kufika Dar es Salaam likiwa linameremeta, kisha likafubaa katika miaka michache. Mji huo uko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka. Wa nyanda za juu wasijidanganye na baridi. Mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na Nairobi na Mbeya ziko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Gari la Mbeya linaweza kuwa na ubaridi wa kupendeza ukilishika huku linaungua. Pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Mtwara, na Unguja na Pemba, chumvi huongeza mateso yake: hutua usiku pamoja na unyevu, na asubuhi jua huikausha palepale kwenye boneti.

Na sisi wenyewe tunasaidia uharibifu. Sabuni ya unga ya kufulia imetengenezwa kukata mafuta, kwa hiyo huondoa nta yote iliyokuwa ikiilinda rangi. Kitambaa kikavu kinachofuta vumbi asubuhi huburuta mchanga juu ya klia. Wapo pia wanaopangusa gari kwa dizeli au mafuta ya taa ili ling'ae, na kweli hung'aa, kwa sababu mafuta hujaza vile vishimo kwa muda. Kufikia jioni vumbi limenata juu yake na hali ni mbaya kuliko asubuhi. Mafuta ya breki, ambayo wengine huyajaribu, ni hatari kubwa zaidi: huyeyusha rangi.

Kabla ya kununua chochote, lijue gari lako. Osha sehemu ndogo ya paa, kausha, kisha chukua kitambaa cheupe chenye polishi kidogo usugue mahali pasipoonekana sana. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, hiyo ni rangi ya tabaka moja. Kikibaki cheupe au kikawa na uchafu wa kijivu tu, una klia juu. Katika gari jeupe kipimo hiki hudanganya, kwa hiyo tumia kitambaa cheusi. Mwenye rangi ya tabaka moja ana bahati zaidi, kwa maana kila anachokifikia chini ni rangi ileile, na kazi yake inaweza kufanyika kwa mkono bila mashine. Mwenye klia anafanya kazi ndani ya maikroni chache, na klia ikiisha hakuna cha kuokoa.

Klia iliyoisha huitambui kwa kufubaa peke yake. Itazame pembezoni mwa paa na kwenye kingo za boneti. Ukiona mabaka meupe yenye mpaka dhahiri, au magamba yanayoinuka ukiyagusa kwa ukucha, klia imeachia rangi iliyo chini yake. Nilimsikia mama mmoja akimuuliza fundi rangi pale Gerezani, Dar es Salaam, kuhusu paa la gari lake. "Fundi, hili halitarudi kwa polishi?" Fundi akalitazama, akapitisha kidole kwenye ukingo ulioanza kumenyuka. "Mama, nisikudanganye. Klia ikishamenyuka hairudi. Hapa paa tu ndilo la kupigwa rangi, boneti na milango viache, hivyo vinapolishika." Lile lilikuwa jibu la kitaalamu na la uaminifu, na ndilo ningependa kila mwenye gari alisikie. Hata panapohitajika rangi mpya, mara nyingi inahitajika kwenye kipande kimoja tu.

Chunguza pia kama kuna sehemu iliyowahi kupigwa rangi. Sumaku ndogo uliyoivika kitambaa chembamba hushika kwa nguvu kwenye chuma chenye rangi ya kiwandani, na hulegea au kuanguka penye puti nene. Sehemu kama hiyo isisuguliwe, maana hujui fundi aliacha unene kiasi gani. Halafu jaribu mikwaruzo kwa ukucha. Mkwaruzo unaokwamisha ukucha umeingia ndani mno. Ukiufuata hadi uishe utatoboa rangi, kwa hiyo ukubali ubaki.

Kazi yenyewe huanza kwa kuosha, na nasisitiza kwamba hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Chembe moja ya mchanga iliyobaki kwenye boneti itazungushwa na sponji na kuchora miduara usiyoweza kuifuta bila kuondoa rangi zaidi. Mwagia maji mengi kwanza bila kugusa, mchanga uteremke wenyewe. Tumia sabuni laini ya magari na ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Anza juu uteremke, na sehemu za chini karibu na magurudumu ziwe za mwisho na kitambaa chake pekee.

Gari safi kwa macho bado lina vitu vilivyoganda: utomvu wa mwembe, vipande vya chuma vitokavyo kwenye breki, lami, madoa ya kinyesi cha ndege. Uvalishe mkono wako mfuko laini wa plastiki, upitishe vidole juu ya rangi. Utahisi punje ambazo mkono mtupu hauzitambui. Dawa yake ni udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya magari. Ukande uwe bapa, lowesha rangi kwa maji ya sabuni, usugue kwa kidole kilicholegea hadi usikie unateleza bila kukwama. Ukianguka chini, utupe. Usiusuuze ukaendelea nao, kwa kuwa mchanga umeshaingia ndani yake. Kwenye rangi ya tabaka moja udongo utabadilika rangi, na hilo lisikuogopeshe.

Sasa sogeza gari kivulini, lipoe. Rangi ya gari jeusi lililokaa juani mchana haishikiki kwa mkono, na polishi huikaukia kabla haijafanya kazi. Saa za asubuhi na za alasiri ndizo zinazofaa. Bandika tepu ya karatasi kwenye mipira ya vioo, plastiki nyeusi, nembo, na hasa kwenye kingo na mikunjo ya bodi. Rangi huwa nyembamba zaidi penye kingo, na hapo ndipo watu hutoboa mpaka praima ikaonekana. Plastiki nyeusi ikiguswa na polishi hubaki na weupe mgumu kutoka, kwa hiyo dakika za kubandika tepu si za kuchoyea.

Kuna kanuni moja inayotenganisha ukarabati na uharibifu: anza na kitu dhaifu zaidi kinachoweza kufanya kazi. Pima mraba wa nusu mita kwa nusu mita katikati ya paa. Jaribu polishi laini kwanza. Ikirudisha mng'ao, umemaliza kuchagua, huhitaji kompaundi. Isiporudisha, panda daraja moja. Kompaundi ni chembe ngumu, mara nyingi za oksidi ya alumini, ndani ya mafuta na maji, na tofauti kati yake na polishi ni ukubwa na ukali wa chembe hizo. Duka litakuuzia kali zaidi kwanza, kwa sababu huonyesha matokeo haraka. Wewe una miaka mingine kumi ya kukaa na gari hilo.

Kwa mkono, tumia sponji ngumu kidogo ya kupakia na matone manne ya ukubwa wa punje ya mbaazi. Sugua kwa mistari iliyonyooka inayopandana nusu kwa nusu, kisha uivuke kwa mistari ya kukatisha. Weka nguvu ya wastani mwanzoni, na uipunguze polishi inapoanza kuwa nyembamba na angavu. Usiache ikauke. Futa kwa taulo laini la mikrofaiba, linalokunjwa ili upate upande safi kila mara. Kwenye rangi ya tabaka moja iliyopauka sana, sponji itajaa rangi iliyokufa baada ya eneo dogo tu, na kuanzia hapo unasugua uchafu kwa uchafu. Badilisha au osha. Nimeona watu wakilaumu polishi, na tatizo lao lilikuwa sponji moja kwa gari zima.

Rangi kavu ya namna hii, hasa ya miaka ya 1960 na 1970, hufaidika ikipakwa kwanza polishi yenye mafuta mengi isiyo na chembe za kukwaruza, ikaachwa usiku kucha kisha ikafutwa. Mafuta huingia kwenye nyufa ndogo, huurudisha ukolezi wa rangi, na hulainisha njia ya polishi itakayofuata. Ni hatua ya taratibu, lakini kwa gari la kale lenye rangi ambayo haiwezi kupatikana tena, ningeifanya kabla ya kugusa kompaundi yoyote.

Wenye klia watafanya vizuri zaidi kwa mashine. Chagua ile ambayo pedi yake huzunguka huku ikitikisika, kwa sababu haikai mahali pamoja na joto lake ni dogo. Mashine ya mzunguko mmoja hukata haraka na ndiyo wanayoipenda mafundi, lakini mkononi mwa anayejifunza inaweza kuunguza klia kwa sekunde chache penye ukingo. Na grenda ya kukatia chuma iliyofungwa pedi isikaribie gari kabisa: grenda ndogo ya kawaida huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, ilhali kupolishi kwa mashine ya mzunguko kunataka mara 1,000 hadi 1,500 hivi. Mashine yoyote iwekwe bapa juu ya rangi, isogezwe polepole, ipite mara nne hadi sita juu ya mraba mmoja. Baada ya kila mraba gusa bodi kwa kiganja. Uvuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuuacha mkono hapo, simama upumzishe.

Angalia matokeo kwa tochi, au lisogeze gari juani kwa muda mfupi, maana kivuli huficha miduara. Polishi ina mafuta yanayoweza kukudanganya kwa kujaza mikwaruzo, hivyo ifute kwanza. Kwenye klia tumia alkoholi ya isopropili iliyopunguzwa kwa maji. Kwenye rangi ya kale ya tabaka moja tumia maji ya sabuni tu, kwa kuwa baadhi ya rangi za zamani hulainishwa na spiriti. Ukiwa umetumia kompaundi, pita tena gari zima kwa polishi laini na pedi laini. Gari jeusi au la buluu iliyokoza bila hatua hii litabaki na ukungu mwembamba unaoonekana kila jua linapochomoza.

Kuhusu msasa wa maji nina la kusema kwa ufupi. Ni kweli kwamba msasa wa namba 2000 au 3000 huondoa ukakasi ambao polishi haiuwezi. Ni kweli pia kwamba bila kipimo cha unene hujui umebakiza nini. Kwa klia ya zamani ninashauri uuache. Kwa rangi ya tabaka moja, tumia 3000 penye doa moja sugu tu, penye maji mengi. Wala usisugue rangi ya zamani ikiwa kavu. Rangi nyingi za kale za manjano, machungwa na nyekundu zilitengenezwa kwa kromati ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Fanya kazi yenye unyevu, vaa barakoa na glovu, waondoe watoto uani, na vitambaa vilivyojaa rangi visifuliwe pamoja na nguo za nyumbani.

Ukifika hapa gari linapendeza, na wengi hukomea hapo. Miezi michache baadaye wanarudi kulalamika kwamba limepauka tena. Umeondoa ngozi iliyokufa na kuianika rangi iliyokuwa chini yake mbele ya jua lilelile, bila kinga yoyote. Siku hiyohiyo, kabla gari halijatoka kivulini, lipake nta. Nta ya kanauba hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili na ni ngumu kuliko nta nyingine nyingi za asili: huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86. Kinga za kutengenezwa kiwandani hudumu muda mrefu zaidi kuliko kanauba, ingawa binafsi naona kanauba inapendeza zaidi kwenye rangi ya tabaka moja. Paka safu nyembamba sana, subiri ifanye ukungu, kisha ifute. Safu nene haiongezi kinga, inaongeza jasho la kufuta. Kinga za keramiki zinazotangazwa sana ni nzuri zikipakwa juu ya rangi iliyokwisha kurekebishwa. Zikipakwa juu ya rangi iliyopauka huufungia ndani upaukaji wenyewe.

Kivuli ni kinga bora kuliko nta zote. Turubai jepesi juu ya nguzo nne litailinda rangi vizuri kuliko kifuniko cha kuvalisha, ambacho kikikaa juu ya gari lenye vumbi na kupigwa na upepo husugua usiku kucha. Mwembe hutoa kivuli kizuri na utomvu mbaya, kwa hiyo ukiegesha chini yake angalia msimu. Kinyesi cha ndege kiloweshe na ukiondoe siku hiyohiyo, kwa maana joto la mchana hukifanya kiile klia.

Kwa gari linalolala juani pwani, nta ya kanauba irudiwe kila baada ya miezi miwili. Linalolala bandani linaweza kungoja minne. Maji yakimwagwa juu ya paa yakatandaa badala ya kukusanyika matone, nta imekwisha, hata kama muda haujafika. Anza na paa, boneti na kifuniko cha buti, ubavu ufuate siku nyingine kama umechoka. Kompaundi irudi dukani au kabatini, isitumike tena mpaka pawe na sababu. Na tarehe ya nta iandike kwenye daftari la gari, ukurasa uleule unapoandika tarehe ya kubadilisha oili.